Jinsi Nilivyotumwa Toronto Kumpunguzia Mumo Mwendo

Niliondoka Machakos kwa sababu mdogo wangu Mutua alikuwa na woga, na hakutaka binti yake Mumo aujue.

Alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini. Mimi nafundisha watu kuendesha gari. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na nusu ya madereva wa mji wetu wanaowasha taa kabla ya kukata kona ni wangu. Nusu ya pili siwajui. Nilikuwa nimekaa na mwanafunzi aliyekuwa akiitafuta gia ya kwanza kama mtu anayetafuta miwani gizani, nikamwambia azime gari kwanza nipokee simu.

"Dada Mwende," Mutua akasema, "Mumo amechaguliwa."

"Kwenye kwaya?"

"Mbio za magari."

Akanieleza. Huko Toronto wanakoishi kuna kampuni ya magodoro inayokuza madereva wachanga. Inawatafuta vijana wenye kipaji kwenye viwanja vya vigari vidogo vya mbio, inawachuja, na wanaobaki inawapa gari, makanika, kocha na msimu mzima wa mashindano. Wao wanachotakiwa ni kushinda, na kuvaa ovaroli yenye picha ya mto wa kulalia mgongoni. Mumo, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa mmoja wa vijana wanane walioitwa kwenye mchujo wa mwisho wa siku nne. Magari yenyewe ni yale ya kiti kimoja, hayana paa wala madigadi, na magurudumu yote manne yamechomoza nje kama miguu ya kaa.

"Sheria yao inataka mtu mzima wa familia awepo siku zote nne," alisema. "Mama yake, Kanini, hapati ruhusa kazini hospitalini, na mimi nitakuwa njiani na lori kwenda Vancouver. Viza unayo. Njoo."

Nikamwambia nitakuja kwa furaha.

"Si kwa furaha," akasema, akashusha sauti. "Njoo umzuie. Mimi akinitazama nashindwa kusema hapana. Wewe umewatoa watu wangapi kwenye usukani?"

Hapo alisema kweli. Ninayo hotuba yangu ya siku ya kwanza, kuhusu ajali, na wanafunzi watatu waliisikia wakaamua kutembea kwa miguu maisha yao yote. Nikaipiga pasi sketi yangu ya safari, nikafunga mabegi mawili, moja la nguo na moja la unga wa wimbi aliouagiza Kanini, nikapanda ndege.

Jumamosi alasiri nilitua Toronto. Kanini, mke wa Mutua, na Mumo walikuwa wakinisubiri na puto lililoandikwa maneno ya kumpongeza mtu kwa kujifungua, kwani dukani hawakupata jingine. Mumo alikuwa amerefuka kunipita. Ana waya kwenye meno, haongei sana, na shingo yake ni nene kuliko ya msichana wa umri wake. Alinikumbatia kwa nguvu. "Asante kwa kuja, Anti," aliniambia kwa Kiingereza. Yeye Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Mimi hapa nayaandika maneno yake kwa lugha yetu ili tusichoshane. Nilipolisikia lile asante, moyo ulinichoma kidogo.

Kwenye maegesho nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, maana usukani kwao uko upande wa abiria wetu. Nikahamishwa. Tulipoingia barabara kuu, yenye njia nyingi kuliko nilivyoweza kuzihesabu, malori yakitupita kushoto na kulia, mguu wangu ulianza kukanyaga sakafu wenyewe.

"Wifi," Kanini akasema, "unatafuta nini huko chini?"

"Breki."

"Iko huku kwangu."

Gari langu la shule lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Nilijua hili halina, lakini mguu haukujua. Mumo, akiwa kiti cha nyuma, alicheka mpaka akashika tumbo.

Nyumba yao iko ghorofa ya tisa pale Barabara ya Dixon, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita unaona magurudumu yake, na mazungumzo yanasimama katikati ya sentensi kisha yanaendelea. Baada ya chai nilimkuta Mumo amelala chali kwenye kochi, helmeti kichwani, kichwa kinaning'inia nje ya kochi, na kwenye helmeti amefunga pakiti ya unga wa ugali. Alikuwa akiinua kichwa na kukishusha huku anatazama katuni.

"Ni kwa ajili ya kona," akanieleza. "Gari likigeuka kwa kasi, kichwa kinataka kubaki nyuma."

Nilitaka kuianza hotuba yangu palepale. Lakini ni vigumu kumhutubia mtu ambaye uso wake uko chini juu.

Jumapili tulikwenda kanisani, ukumbi wa kukodi unaojaa Wakenya na Wakongomani. Mchungaji, mzee mcheshi kutoka Bukavu, alimwita Mumo mbele akamwekea mkono kichwani. "Bwana amfungulie mtoto wetu barabara!" akaomba, na watu wote wakaitikia amina. Mimi amina yangu ilikuwa ndogo. Moyoni niliongeza kwamba Bwana akipenda, barabara hiyo aifunge kwa matengenezo, kama zile nyingine zote za Toronto nilizokuwa nimeziona zikichimbwa.

Jumatatu saa tatu asubuhi tuliripoti kwenye ofisi za kampuni. Mama mmoja mchangamfu aitwaye Brenda, mkuu wa matangazo, alitupokea kwenye ukumbi ambao katikati yake palikuwa na gari la mbio, na kulizunguka gari, magodoro kumi na mbili yaliyotandikwa shuka nyeupe. Vijana wanane walipigwa picha wakikumbatia mito. Walifundishwa jinsi ya kutaja jina la kampuni kwenye mahojiano bila kuonekana wamefundishwa. Kijana mmoja aliambiwa atabasamu kama mtu aliyelala vizuri, akajibu hakulala kabisa kwa wasiwasi, akaambiwa hilo asiliseme tena.

Kisha Brenda akatualika sisi walezi tujaribu magodoro wakati mkurugenzi anatoa hotuba. Kwa adabu nilivua viatu nikajinyoosha. Nilikuwa macho tangu saa tisa usiku, kwani mwili wangu ulikuwa bado haujatoka Machakos. Namkumbuka mkurugenzi akisema neno "ustahimilivu". Kilichofuata ninachokumbuka ni makofi, na nikafumbua macho nikaona simu zaidi ya kumi zimenielekea.

"Nilikoroma?" nikamuuliza Mumo.

Mumo alikuwa amejificha nyuma ya tairi. "Anti, mkurugenzi alisimamisha hotuba mara mbili."

Brenda alikuwa na machozi ya furaha. Alisema miaka yote wamewalipa waigizaji walale vile na hawajaweza. Kabla ya saa sita picha yangu ilikuwa kwenye kurasa za kampuni, mdomo wazi, mkoba kifuani. Njiani kurudi nyumbani Mumo hakusema neno mpaka tulipofika kwenye lifti, ndipo akaanza kucheka peke yake, na mimi nikacheka, na mama wawili wa Kisomali waliokuwa nasi kwenye lifti wakacheka ingawa hawakujua ni nini.

Jumanne ilikuwa siku ya mashine ya kuigiza. Ni kiti na usukani mbele ya skrini tatu kubwa, unaendesha bila kwenda popote. Mwenye mamlaka alikuwa Luc, kocha mkuu, mtu wa Quebec mwenye uso wa mhasibu, ambaye sikuwahi kumsikia akitumia maneno kumi pale ambapo matatu yangetosha. Mumo aliingia, akaendesha mizunguko ishirini. Sikuelewa takwimu zilizokuwa zikipita, lakini nilimwona Luc akiacha kutafuna kalamu yake.

Walipomaliza, walezi tulikaribishwa kujaribu. Nilirekebisha kiti. Nikatafuta kioo cha pembeni, hakikuwapo. Nikatafuta swichi ya taa za kona, haikuwapo pia, nikatoa mkono nje kuonyesha naingia barabarani, nikaondoka kwa utaratibu kwa kilomita hamsini kwa saa. Kwenye kona ya kwanza nilisimama kabisa niangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Mama," Luc akasema.

"Naam?"

"Mashine inadhani umeegesha."

Mchana huo, tukila sambusa kwenye benchi, niliianza hotuba. Nilisimulia ajali ya kwanza, nikafika ya pili. Mumo alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza yule dereva wa pili alikuwa akitazama wapi kabla ya kugonga. Nikajibu alikuwa akiliangalia shimo. "Basi ndiyo maana aliliingia," akasema, akamaliza sambusa yake. Miaka ishirini na sita, na sikuwahi kukatizwa hotuba kwa swali zuri. Sikuiendeleza.

Jumatano, mapema, basi dogo lilitupeleka kwenye uwanja wa mbio, mwendo wa saa moja na zaidi nje ya mji, mashamba ya mahindi pande zote. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilifurahi, nikidhani wataahirisha. Hawakuahirisha. Walibadilisha tairi tu.

Sitaki kujifanya jasiri. Gari lile likiwaka, sauti yake haiingii masikioni, inaingia kwenye meno. Mumo alilazwa ndani kama barua kwenye bahasha, akafungwa mikanda sita, akabaki kofia tu na macho mawili. Akaondoka. Alipopita mara ya kwanza mbele yetu niliona maji yakiruka nyuma yake kama ukuta, na mguu wangu ukakanyaga tope mpaka kiatu kikazama.

Mzunguko wa tano, kwenye kona ya mbali, gari lilizunguka lenyewe mara mbili, likapiga ukuta wa tairi kuukuu, likanyamaza.

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na minane na nilikuwa na kiatu kimoja. Mwongozaji mwenye bendera alipiga kelele nisivuke, nikasimama, kwa kuwa bendera nyekundu ni bendera nyekundu hata mtoto wako awe upande wa pili. Sijawahi kusimama mahali kwa uchungu namna ile. Kisha nikaona mkono ukitoka garini, ukifuatiwa na helmeti, na Mumo akashuka, akalizunguka gari akilikagua kama mtu anayenunua mbuzi.

Daktari wa uwanja alimpima kwa makini muda mrefu, akasema yuko sawa kabisa. Gari nalo lilikuwa limevunjika pua ya mbele tu. Luc akanijia na ubao na karatasi. Sheria yao ni hii: kijana akigonga, harudi uwanjani mpaka mlezi atie sahihi upya. Nisipotia sahihi, mchujo kwake umekwisha, na hakuna atakayemlaumu mtu.

Kalamu ikawa mkononi mwangu. Kazi niliyotumwa ilikuwa imejileta yenyewe. Haikuhitaji hotuba, haikuhitaji ugomvi. Ningesema tu "hapana", na Mutua angelala usingizi huko njiani aliko.

Mumo alisimama mbele yangu, maji yakimtiririka puani. Akavua glavu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akazungumza nami Kiswahili, polepole, akiyachagua maneno.

"Shangazi, najua Baba alikutuma unizuie."

"Nani amekuambia?"

"Baba. Anaongea na simu kwa sauti. Jengo lote linajua."

"Na bado ulinipokea na puto?"

"Sheria inataka mtu mzima," alisema. "Na nilikuwa na hamu ya kukuona." Akageuka kuelekeza kule mbali. "Pale kwenye kona, kosa ni langu. Nilianza kugeuza usukani kabla ya kuachia breki. Kwenye maji hiyo haikubali. Sasa najua. Sitarudia."

Wasomaji wangu, naomba mnielewe hapa. Katika maisha yangu nimekaa pembeni ya maelfu ya watu waliokosea. Wamemlaumu ng'ombe. Wamelaumu jua, viatu, mke, kaunti, na mmoja alimlaumu marehemu baba yake. Hajawahi kutokea hata mmoja aliyeshuka garini, akanitazama usoni, akaniambia kosa lilikuwa lake, lilikuwa wapi, na atalirekebisha vipi. Mwanafunzi wa namna hiyo ndiye niliyekuwa nikimsubiri miaka yote, na nilikuwa nimevuka bahari kuja kumshusha kwenye gari.

Nilitia sahihi. Niliandika haraka hadi jina langu likasomeka kama la mtu mwingine, Luc akaniomba niandike tena.

Alirudi uwanjani. Mizunguko kumi na miwili, mvua ileile. Kila alipoifikia ile kona nilifumba macho, na kila mara sauti ilipita nikayafumbua. Mwishoni Luc alinionyesha saa yake, akatamka sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia: "Katika mvua, hakuna aliyekuwa karibu naye."

Alhamisi asubuhi walitangaza matokeo. Nafasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikwenda kwa kijana aliyeambiwa asiseme hakulala. Ya pili Brenda alilisoma jina vibaya mara mbili, na watu wakawa wanaulizana ni nani huyo, mpaka Mumo mwenyewe akasema, "Nadhani ni mimi." Nilipiga kigelegele. Ukumbi wote uligeuka kwa hofu, mlinzi mmoja akaja mbio.

Lakini mkataba ulihitaji sahihi ya mzazi, na mzazi wa Mumo, aliyeandikwa kwenye fomu zote, alikuwa Mutua. Nilitoka nje nikampigia. Alikuwa ameegesha mahali fulani katika jimbo la Manitoba, akila.

"Umemzuia?" akauliza.

Nikamweleza yote, pamoja na mvua, ukuta wa tairi na kalamu. Nilimsikia akikifunga chakula chake. Mutua ameona mengi barabarani, na mengine hajatuambia. Nilimsubiri anigombeze.

"Dada," akasema hatimaye, "anaingiaje kona?"

"Njoo umtazame mwenyewe."

Jumamosi alirudi, hakupumzika hata kidogo, akatutaka sote twende kwenye uwanja wa vigari vidogo ambako Mumo alianzia. Alisema atampima kwa njia yake. Mtu anayeendesha magurudumu kumi na manane mwaka mzima, alisema, hawezi kushindwa na mtoto kwenye kitu chenye ukubwa wa toroli. Kukiingia kile kigari kulichukua dakika kadhaa na wafanyakazi wawili, maana Mutua amenenepa. Magoti yalifika masikioni. Kanini alirekodi kila kitu.

Mumo alimpita mzunguko wa kwanza. Alimpita tena wa tatu, na wa tano, na kila alipompita aliinua mkono kumsalimu kwa heshima, jambo lililomkera Mutua kuliko kupitwa kwenyewe. Mzunguko wa sita Mutua aliacha kushindana. Alipunguza mwendo, akakaa pembeni kabisa mwa njia, na akawa anamtazama tu. Nilimwona akigeuza kichwa kumfuata kila kona, midomo ikisogea. Nadhani alikuwa akihesabu sekunde.

Walipomtoa kwenye kigari, alitujia kabla ya kuvua helmeti. "Nani amemfundisha huyu kusubiri hivyo kabla ya kukanyaga mafuta?" akauliza.

"Wewe," Mumo akajibu. "Nilipokuwa mdogo ulinibeba kwenye lori kila likizo. Nilikuwa natazama miguu yako."

Mutua alisema jasho limemwingia machoni. Akaomba kalamu. Alisaini mkataba kwenye mgongo wangu, akibonyeza kwa nguvu kama anayechonga.

Jumanne iliyofuata nilirudi nyumbani. Kwenye kituo cha ukaguzi wa pasipoti, kijana wa uhamiaji alinitazama sana, kisha akaniuliza kama si mimi yule mama wa godoro. Nikakiri.

Nilichojifunza safarini ni kidogo lakini nakishika. Nilidhani kazi ya mwalimu ni kukaa na mguu juu ya breki ya pili. Wengi inawafaa, na bado nitakaa hivyo, maana nimewaona wanafunzi wangu. Lakini wapo wachache ambao kazi yako kwao ni kukaa kando ya uwanja kwenye mvua, na kiatu kimoja, na kuwaachia barabara. Na kazi hiyo ni ngumu kuliko ile nyingine, kwa kuwa mguu hauna pa kukanyaga.

Wazee wa kanisa letu hapa Machakos, ambao Mutua alikuwa amewapigia waniombee nifaulu, walinizunguka Jumapili baada ya ibada. Wakataka kujua kama nilifanikiwa kumzuia yule mtoto.

"Nilijaribu," niliwaambia. "Sikumfikia."